Neno Walilonificha Wiki Nzima

Jumatatu kaka yangu alinipigia kutoka Bukavu akasema mama amechoka kidogo. Nikajua hapo hapo. Kwetu hakuna anayepiga simu nje ya nchi kwa sababu mtu amechoka. Nikamuuliza moja kwa moja kama mama amekufa. Akasema mtandao ni mbaya, akakata.

Kuanzia hapo nikawa napiga, hapokei. Desturi yetu naijua vizuri. Habari ya kifo haipitishwi kwenye simu. Inatumwa kwa wazee wa kanisa wa mahali ulipo, waje kwako wakiwa kundi, wahakikishe umekula na umeketi, ndipo wakuambie. Inafaa pale ambapo wazee wanakaa nyumba ya tatu. Hapa La Rochelle, mtaa wa jiji moja la kusini mwa Afrika, mmoja ni mlinzi wa zamu, mwingine ni kinyozi, wa tatu anauza viatu mjini, na hawaji mpaka wote watatu wapate nafasi siku moja.

Wiki nzima nilishona sare za shule, simu iko juu ya cherehani. Nilitaka kitu kimoja tu. Karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kurudi, hilo nililimeza zamani. Lakini siku hizi mazishi yanaonyeshwa kwenye simu, na nilitaka nimwone mama akishushwa. Nilivunja sindano mbili kwa hasira, na mteja mmoja nilimfokea bure.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Kensington, mtaa mwingine wa jiji hili, kumfundisha Kifaransa muuguzi mmoja, maana kabla ya cherehani nilikuwa mwalimu wa lugha. Katika riwaya tunayosoma alikutana na neno mort, akataka maelezo. Nikampa somo zima: mort kwa Wafaransa, morte kwa Waitaliano na Wareno, muerte kwa Wahispania, na wote bibi yao ni Kilatini. Nikamwambia kwamba katika mashairi yao mara nyingi kifo ni mwanamke. Nikamwambia kuna koo za Ulaya zilizobeba neno hilo katika jina kwa sababu babu zao walikaa kando ya maji yaliyokufa. Hata jina la baba yangu lilikuwa na kifo ndani yake. Alipewa baada ya ndugu zake watatu kufa wachanga, ili kifo kimpite, na majirani waliliita kwa sauti barabarani kila siku. Muuguzi aliandika yote. Nadhani nililitaja neno mara ishirini, na wala halikunikwama kooni.

Alasiri wazee wakaja.

"Mwalimu, ulishakula?" akauliza yule mlinzi, ambaye ndiye mkubwa wao.

Nikasema nimekula. Ulikuwa uongo.

"Basi ikala." Nikaketi. "Mama alipumzika."

"Alikufa lini, Papa?"

Akawatazama wenzake. Alikufa Jumapili, akasema, wakamzika Alhamisi. Kisha, akitaka kunifariji, akaeleza kwamba watu walikuwa wengi, waliimba vizuri, na kwamba yeye mwenyewe alitazama yote kwenye simu akiwa zamu.

Yeye alitazama. Mtu asiyewahi kula ugali wa mama yangu alimwona akishushwa, nami siku hiyo nilikuwa nashona mifuko ya kaptura, kilomita mbili kutoka lango analolinda. Nikamwambia ameniibia. Akainamisha kichwa akalia, mzee wa watu, nami nikaona aibu, lakini hasira haikutoka. Mpaka leo haijatoka.

Walipoondoka nikamkumbuka mdogo wangu wa kike, anayeishi peke yake Durban. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nikaapa kwamba mimi nitalisema neno lenyewe, wazi, kabla ya salamu, asifichwe hata saa moja zaidi. Nikapiga. Akapokea akicheka, akasema leo nimemkumbuka.

"Ulishakula?" nikamuuliza, na kicheko chake kikakatika.