Farasi Aliyekatazwa Kulala

Farasi akilala chini, mwenye farasi anakufa kabla ya Jumapili kufika. Ndivyo alivyoniambia muuza makayabu mmoja wa soko la Bunia, na mimi, mtu mzima mwenye bibi na watoto wawili, nilimwamini kuliko nilivyowahi kuamini katekisimu. Alinipa hata ushahidi. Mzungu wa shamba la kahawa aliyekuwa na farasi mmoja wa hapo mjini, alikufa. Mfanyabiashara aliyemchukua baada yake, alikufa. Mkubwa mmoja wa ofisi aliyemchukua baada ya huyo, alikufa vilevile. Halafu akainama juu ya samaki wake wa chumvi na kunipa sharti: mwenye farasi asiambiwe, maana akiambiwa, kifo kinapiga mbio zaidi.

Mwenye farasi wa nne alikuwa mwalimu wangu.

Alikuwa munganga wa nyama, daktari wa mifugo. Serikali ilimleta kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe aliwatibu kweli, toka Mudzipela mpaka Aveba, akipanda na kushuka vilima kwa baiskeli ambayo ilikuwa mgonjwa kuliko wagonjwa wake. Lakini moyo wake ulikuwa kwa farasi. Alisomea farasi ng'ambo miaka mingi, kisha akarudi mahali ambapo farasi wote wa mji ungeweza kuwahesabu kwa kidole kimoja. Naye ni huyo jike, wa rangi ya chai ya maziwa, kichwa kirefu kama mtumbwi wa Kasenyi.

Mimi nilikuwa zamu, mlinzi wa lango la kiwanja cha mifugo, na chumba changu kilipakana na zizi la huyo farasi. Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, wakati wa Zaïre, kila mkubwa na abakosti yake, koti lisilo na tai. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire. Siku moja munganga alinikuta nasoma kipande cha gazeti kilichofungia chumvi, midomo ikinicheza kama ya mbuzi. Jioni ile, kwenye baraza alipofundisha watu wazima, akaongeza kiti kimoja.

Tulikuwa watano: fundi cherehani, mama wawili wauza maharagwe, mchimbaji mmoja aliyechoshwa na dhahabu ya migodi ya Kilo, na mimi. Kila somo lilitoka kwa farasi. Hesabu? Tulimzungushia kifua utepe wa fundi cherehani, tukazidisha na kugawanya mpaka kilo zake zikatoka. Kifaransa? Tuliandika sikio, kwato, mkia. Jiografia mwalimu alichora kwa chaki kwenye ubavu wa farasi, na ninaapa kwamba mto Ituri niliuona kwanza hapo, ukipumua. Ukikosea, hakukaripia. Alikuwa na neno moja tu: "Hapana niambia unawaza nini. Niambie umeona nini."

Neno hilo ndilo lililonifikisha kwenye diploma nikiwa na watoto watano, nikavaa koti jeupe la enfirmye, muuguzi wa mifugo. Kila mchungaji anayeniletea ndama ninamwuliza hivyohivyo. Mama mmoja wa wale wa maharagwe alikuja kuwa mwalimu, akawauliza hivyo wanafunzi wake wa primaire mpaka alipopumzika kazi. Sijui mtu mwingine aliyejaza Ituri na maswali kwa kutumia farasi mmoja.

Basi, mtu kama huyo ungekubali afe? Mimi nilikataa. Kila niliposikia ule mwili mkubwa ukishuka upande wa pili wa ukuta, nilitoka na sufuria na mwiko, nikapiga mpaka mtaa mzima wa Nyakasanza nadhani uliamka. Farasi alisimama. Mchana akijaribu kupiga magoti kwenye jua, mwalimu akiwa vilimani na baiskeli yake, nilikuwa hapo na sufuria yangu. Asubuhi mwalimu, akitoka kulala kwake upande mwingine wa mji, aliniuliza usiku umepitaje, nami nikajibu, "Muzuri, Dokta," nikijiona malaika mlinzi.

Baada ya majuma kadhaa farasi akaanza kukonda. Kichwa kilining'inia. Amesimama tu, miguu ya mbele inakunjika ghafula, anajishika, anatetemeka. Juu ya kwato za mbele vikatokea vidonda ambavyo havikukauka. Mwalimu alitazama damu yake kwenye darubini, akachambua kinyesi chake kama anatafuta dhahabu, akafungua mabuku yake yote. Hakupata kitu. Aliogopa ni ugonjwa wa mbung'o, au mwingine mbaya zaidi, na pale kiwanjani ndipo wachungaji walipoleta ng'ombe wao kwa dawa, wangeambukizwa. Jioni moja akatuambia kwamba Jumamosi asubuhi atamchoma sindano ya mwisho. Akatuomba tuje sote, tumshukuru farasi, maana ndiye aliyetufundisha. Aliposema hivyo alitazama ukuta.

Jumamosi akaja amevaa shati safi, kichupa mkononi. Mimi hesabu zangu zilikuwa zimeshakamilika: sindano itamwangusha, akianguka amelala, na Jumapili ni kesho. Mwalimu wangu alikuwa amebakiza saa chache za kuishi.

"Dokta," nikasema, "mumuchome, lakini afe amesimama. Siye tutamushikilia."

Fundi cherehani akaniangalia toka kichwani mpaka miguuni. "Weye utamushikilia na nini? Na hiyo mikono ya kufungua mulango?"

Mwalimu hakucheka. "Juu ya nini asimame, sababu gani?"

Nililikumbuka sharti. Lakini kichupa kilikuwa tayari kimefunguliwa.

"Akilala chini, munakufa, Dokta."

Nikamwaga yote: muuza makayabu, wale watatu, sufuria, tangu mvua za kwanza. Nikavua ufunguo wa lango shingoni na kuuweka kwenye majani, maana niliona kazi imekwenda, na kiti changu cha jioni kimekwenda nayo.

Mwalimu alichuchumaa, akavigusa vile vidonda, kimoja, kimoja. Akafunga kichupa. Akauokota ufunguo, akaufuta kwa shati lake safi na kuutia mfukoni mwangu, kisha akanituma majani makavu. Nilileta ya kutosha tembo kumi. Tukarudi nyuma mpaka ukutani, tukakaa.

Farasi akanusa, akazunguka mara mbili, akakunja magoti, akaguna kama lori linaloshushwa mzigo. Akalala ubavu, shingo imenyooka, miguu imetupwa. Nikaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yangu yote miwili, nimzuie duniani humu. Akaniachia niushike. Alisema polepole, asimwamshe:

"Wale watatu hawakufa. Wa kwanza alirudi kwao Ulaya. Wa pili iko na duka Kisangani. Wa tatu alinisalimia jana hapa sokoni. Farasi wote wanalala chini, ndugu; huyu alikonda na kuangukia kwato kwa kukosa usingizi tu. Ukimuona amelala, muache."