Karatasi ya Mfalme wa Miaka Tisa

Wakati huo nilikuwa nafua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja Al Rigga, Dubai, na jioni nasoma darasa la watu wazima. Kandarasi yangu ilikuwa inaisha, na madam aliyetusimamia alitaka nisaini miaka mingine miwili. Mwanangu nilimwachia dada yangu nyumbani akiwa na miaka sita. Sasa alikuwa na tisa, na hakutaka tena kuja kwenye simu. Dada ananiambia yuko nje anacheza, na mimi namsikia anakohoa hapo hapo.

Mwalimu akatupa kazi ya kueleza utoto wa mfalme mmoja wa Uingereza ya zamani. Baba yake alikufa nchi ikiwa vitani, mtoto akatawazwa na miaka tisa tu. Taji halikupatikana, wakamvika pambo la kichwa la mama yake. Haukuisha mwaka, mama akavuka bahari kurudi kwao, baadaye akaolewa huko, mtoto akabaki. Niliandika hayo kwa kifupi ndani ya basi la wafanyakazi kutoka Al Qusais, mfalme nikimwita 'mtoto' tu na taji nikaliita mzigo wa kichwani, nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye pochi.

Ijumaa tulikuwa na maombi ya akina mama Bur Dubai. Kila mmoja anaandika shida ya mtoto aliyemwacha nyumbani, hatuandiki jina, Mungu anawajua. Karatasi zinaingia kwenye kikapu, unaokota moja, na huyo mtoto ni wako wa kumwombea wiki nzima. Nami niliandika ya mwanangu, nikaikunja, nikaitia kwenye pochi mpaka kikapu kilipopita, nikatoa karatasi nikaitumbukiza.

Darasani nikaikosa karatasi yangu. Nikadhani imeanguka kwenye basi, nikaeleza kwa kichwa.

Ijumaa iliyofuata, dada mmoja anayefanya kazi ya ulinzi akasimama, macho mekundu. Alisema amefunga siku tatu kwa ajili ya mtoto aliyemwokota kwenye kikapu, yatima wa baba, mama ameenda kuolewa ng'ambo, na watu wazima wamemwekea mzigo kichwani.

Nilijua mara moja. Nikamvuta pembeni, nikamwambia huyo mtoto alikufa mamia ya miaka iliyopita, tena alikuwa mfalme.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Siku tatu bila chai, dada, kwa mfalme wa Wazungu?" Kisha akauliza, "Sasa wako ameombewa na nani?"

Nikafungua pochi. Karatasi ya mwanangu ilikuwa humo, haijakunjuliwa.

Tulimwombea pale pale, sisi wawili. Kesho yake nikamwambia madam sitasaini, naenda nyumbani kwanza. Akanionya kwamba nafasi hainingoji. Nikamwambia sawa, madam.

Jioni nikapiga simu nyumbani, nikamweleza dada yangu. Nyuma yake nikasikia mtu anauliza, polepole, kama hataki nisikie, "Anakuja lini?"