Ghala Lililobaki Bondeni

Wifi yake ndiye aliyempachika jina la Bi Haraka, na kijiji kizima kikalidaka. Wenzake wakiyaacha mahindi yakaukie shambani kwenye mabua, yeye keshavuna, keshaanika, keshapukuchua na kujaza ghala.

"Wifi, hayo mahindi umeyazalisha kabla ya miezi yao," wifi alimtania kila mwaka.

"Ngojangoja huumiza matumbo," naye alijibu, na wote wawili wakacheka.

Mwaka ule mtu mmoja alichoma nyasi upande wa msituni ili majani mapya yachipue kwa ajili ya ng'ombe. Upepo ukageuka. Bi Haraka alikuwa zahanati na kitindamimba wake mwenye homa. Aliporudi alikuta bonde lote jeusi. Mahindi yaliyokuwa yakikaukia kwenye mabua yameteketea, kunde majivu, hata mboga za mwitu ambazo watu hukimbilia wakati wa shida hazikusalia. Nyumba za juu mlimani zilipona, lakini bondeni ghala lake tu ndilo lililokuwa limesimama. Mlangoni pake wifi ameketi, mikono ameitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Alikuwa amepigana na moto kwa matawi mabichi mpaka ukapita pembeni.

"Shamba langu lilishakwenda," alisema. "Nikaona angalau hili lipone."

Bi Haraka alilia. Alimfunga vidonda, akampa unga wa siku ile, akaapa kwamba hatamsahau.

Lakini njaa ilipoanza kubisha hodi, alibadilika. Watu walishuka kutoka milo miwili hadi mmoja, mbuzi wakauzwa, na mvua bado ilikuwa mbali. Alilitazama ghala, akawatazama wanawe, hofu ikamkaba. Kila aliyekuja kuomba aliambiwa kilichobaki ni mbegu. Hata wifi alipokuja na beseni, mikono bado imefungwa vitambaa.

"Nigawie kidogo, wifi. Watoto wanalala na maji."

"Ni mbegu tu, wifi yangu. Ningekuwa nacho ningekunyima wewe?"

Wifi alilitazama beseni lake. "Haya. Mbegu haziliwi."

Tangu hapo Bi Haraka alipika mlango ukiwa umefungwa. Alitwanga kinu kikiwa juu ya blanketi lililokunjwa, kisisikike. Watoto aliwafuta midomo kabla hawajatoka kucheza. Kila alipowafuta, alikwepa macho yao.

Alasiri moja wifi alikuja amemshika mkono kitindamimba.

"Nimemrudisha. Tulikuwa tunakula mizizi tuliyochimba, nikamkaribisha. Amekataa. Anasema ameshiba, mmekula nyumbani."

Bi Haraka alimkazia mtoto macho.

"Usimpige," wifi alisema. "Nimefurahi kuona mtoto aliyeshiba." Akageuka, akaenda zake.

Afadhali angemtukana. Bi Haraka aliketi sakafuni, uso umemwiva kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Kisha akajaza gunia, akajitwisha, akapita katikati ya kijiji jua likiwaka na watu wakimtazama. Wifi alilipokea kwa mikono miwili, ngozi ya viganja imejikunja kwa makovu.

"Asante sana, dada."

Dada. Hajawahi kumwita hivyo. Bi Haraka alisimama pale akisubiri utani, hata wa kumchoma. Haukuja.

Kesho yake alifungua ghala mchana kweupe, kila nyumba ikapata chakula na mbegu kidogo. Wengine walimshukuru. Fundi baiskeli alichungulia ndani, akasema, "Kumbe mbegu huwa nyingi hivi." Watu wakacheka, naye akainamisha kichwa na kuendelea kupima. Chakula kile, kwa kubanabana, kiliwafikisha hadi mvua za kwanza.

Msimu uliofuata kijiji kililima mkanda mpana wa ardhi tupu kati ya msitu na mashamba, moto usipate njia tena. Bi Haraka aliomba kipande kilichopakana na cha wifi yake. Walilima bega kwa bega, wakiongelea udongo na mawingu, kwa adabu, kama wageni waliokutana kisimani. Viganja vya wifi havikufumba vizuri. Jembe lilimponyoka mara kwa mara.

"Niachie upande wako, wifi. Nitaumalizia."

"Nitamaliza mwenyewe, dada," wifi alijibu kwa upole, akainama kuliokota jembe.

Bi Haraka aliendelea kulima, macho chini.