Maji ya Moto Hayakufika Ndani

Wiki iliyopita nilimsindikiza dada yangu hospitali, Mbeya. Kwenye benchi tuliketi na mama mmoja wa Ubaruku, mkulima wa mpunga, mwenye uvimbe kwenye titi. Televisheni ya ukutani ilieleza kwamba wanasayansi wanajaribu kuingiza chembe ndogo mno ndani ya saratani, kisha wanazipasha joto mpaka uvimbe uungue na nyama nzima ibaki salama.

Mama akamgeukia daktari aliyekuja kumwita. "Si ndiyo hiyo, daktari? Mimi naukanda uvimbe huu kwa maji ya moto tangu tupande mpunga."

Daktari akachuchumaa mbele yake. "Joto lako liliishia kwenye ngozi, mama. Na hiyo yao bado ni majaribio."

"Ningekuja wakati ule wa kupanda, mngenifanyia nini?"

Daktari akavua miwani. "Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Pengine tungeukata, yakaisha."

Mama akajifunga khanga upya kifuani, akanitazama mimi, mtu asiyemjua. "Kumbe ni kisu tu," akasema taratibu. "Na kisu ndicho nilichokuwa nakikimbia."

Akainuka, akamfuata daktari. Ndugu msomaji, tiba ya kesho tunaisikiliza kwa hamu. Hii ya leo tunaiogopa.