Mti Mdoezi

Nikisema najua kupalilia, Mwankoko nzima hakuna wa kunibishia. Alizeti yangu husimama kwenye udongo mtupu, hakuna hata jani la kusingiziwa. Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Asubuhi ya kwanza nikiwa mkwe kwake, hata uji sijanywa, alinipa jembe akasimama pembeni kuniangalia. Kwake yeye, mwanamke mwenye majani shambani ama anaumwa ama hana haya.

Kwa hiyo alipokuja na mbegu kwenye pindo la kanga, nilijua amefuata mikono yangu. Zilikuwa mbegu za msandali, mti wa kunukia ambao mizizi yake alizoea kuichemshia chai. Zamani kilima cha nyuma ya kwake kilikuwa na misandali mingi tu. Wakaja wachimbaji, na kwa kuwa harufu imo mpaka mizizini, hawakati, wanang'oa. Ukabaki mmoja. Siku aliyokuta nao umegeuka shimo, aliokota matunda yaliyodondoka, akaja kwangu moja kwa moja.

"Mwanangu, ndizo zilizobaki. Hizi zikifa, basi tena."

Zilichelewa kuota mpaka nikakata tamaa, kisha ikachomoza miche kumi na mmoja. Nilipoihamishia shambani nikaipalilia kila asubuhi, kama kawaida yangu. Ikanyauka. Nikaongeza maji na kupalilia zaidi. Jamani, bidii yangu! Minane ikafa. Ikapona mitatu ya nyuma ya banda la kuku, ambako sikufika kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma. Imezongwa na majani, nayo kijani kibichi.

Nilikasirika kweli. Nikalivuta jani moja taratibu, nikaona mzizi mwembamba wa msandali umeng'ang'ania mzizi wa lile jani kama kupe. Nilimwita bwana miti wa kata aje kuona, akacheka.

"Mama, huu mti mdoezi. Unanyonya mizizi ya majirani. Sasa wewe majirani wote umewafukuza, ule wapi?"

Nilikaa chini palepale. Minane niliiua kwa sifa zangu mwenyewe, na sikuthubutu kumwambia mama mkwe.

Basi nikayaacha majani, nikachomeka na mbaazi katikati. Wapita njia wakasema siku hizi nimekuwa mvivu. Iliniuma, nisidanganye. Lakini misandali ilinipita kimo, na mwaka huu mmoja ukazaa. Nikamwita mwenye mbegu aje aone.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye majani. "Unaumwa?"

Kabla sijajibu alishainama, mkono umekamata jani chini ya mti.

"Usiguse!"

Nilimfokea. Mama mkwe! Kwetu hilo halifanyiki. Nikamweleza harakaharaka habari ya mizizi, ya kudoea, na ya ile minane. Akalirudisha lile jani lililokuwa limeanza kung'oka, akalishindilia udongo kwa vidole.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kupalilia," alisema.

Akachuma tunda moja jekundu, akalila, mbegu akaitemea kiganjani na kuifunga kwenye pindo la kanga. Nilijivuna siku ile, nasema wazi.

Juzi nimepita kwake. Ua wake, ambao hufagiliwa kabla jua halijatoka, una kiduara cha majani karibu na mlango, kimezungushiwa miba, na katikati kuna mche wenye majani manne. Jirani yake alikuwa anamtania kwamba sasa uzee umeingia, hata majani yanamshinda.

"Uzee gani?" alijibu, mkono kiunoni. "Ndivyo alivyonifundisha mkwe wangu."