Kamati ya Kura ya Ndeshi

Kuna Jumapili moja haitaki kunitoka kichwani, mwanangu, na nakusimulia wewe kwa sababu bado una umri wa kufaidika nayo. Mimi nimeshachelewa.

Ilikuwa baada ya ibada, hapa nyumbani Mbezi Luis, kwenye sebule hii hii yenye makochi makubwa kuliko chumba. Tulikaa watu wa ukoo, tumeshiba ndizi nyama, tukaunda kamati. Unawajua watu wa mji huu: mtu akioa, kamati, akifa, kamati, mtoto akipata kipaimara, kamati, na mwenyekiti, na katibu, na kundi la simu lenye picha ya mhusika. Siku ile tuliunda kamati ya kumchagulia dada yangu chama cha kukipigia kura katika uchaguzi mkuu wa Uingereza.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nimecheka mara nyingi, lakini kicheko chenyewe hakifiki mwisho.

Dada yangu anaitwa Ndeshi, ndiye anayenifuata kuzaliwa. Wakati ule alikuwa na miaka sita kule, akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji mdogo ambao jina lake hatukuwahi kulitamka sawasawa. Mtanzania anayeishi kule kihalali anaruhusiwa kupiga kura, kwa kuwa nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Yeye mwenyewe alishangaa alipoletewa barua ya kujiandikisha. Akanipigia simu.

"Kaka, eti na mie napiga kura huku! Sasa nimpe nani?"

Swali lile lilinilevya. Nilikuwa nakaribia arobaini, nina shahada ya siasa iliyoning'inia ukutani kwenye fremu, na tangu niipate hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ampe nani. Kura ya hapa kwetu ilikuwa imeshatuchosha. Tulikuwa tunaizungumzia kama tunavyozungumzia foleni ya magari ya Kimara. Lakini kura ya Uingereza! Nikapakua ilani za vyama vitatu nikazisoma zote, mimi ambaye ilani ya chama chochote cha hapa sijawahi kuvuka ukurasa wa tatu. Nikachora jedwali. Afya kwenye safu moja, kodi kwenye nyingine, sera ya mambo ya nje kwenye nyingine.

Ambaye hakuwamo kwenye jedwali ni Manka.

Manka ni binti wa Ndeshi, wa pekee. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaota meno na hajaonekana mpaka leo. Mama yake aliposafiri alimwacha kwangu akiwa na miaka kumi. Siku ya kamati alikuwa na kumi na sita na nusu. Ndeshi alikuwa ameomba ruhusa ya kumchukua, ombi likakataliwa, na sheria ya kule haibembelezeki: mtoto akishatimiza kumi na minane kabla ombi halijakubaliwa upya, basi, anahesabiwa mtu mzima, na mtu mzima hana haki ya kumfuata mama yake. Jambo hilo tulilijua sote. Kila Jumapili tulikuwa tunaliombea, kisha tunakula.

Basi kikao kikaanza. Mwenyekiti mimi. Katibu Frenki, mtoto wa baba yetu mdogo, mwenye duka la simu pale Mwenge. Mjomba Elia, mwalimu mstaafu anayekaa Chang'ombe, tulimpa ujumbe mwandamizi, cheo nilichokibuni papo hapo ili asisinzie.

"Braza, mie nasema tuwape wapinzani," Frenki alianza. "Mtu akikaa sana madarakani anaota mizizi."

"Huko siyo kwetu, Frenki."

"Mizizi ni mizizi tu, braza. Hata Ulaya inaota."

Tulipomaliza kucheka nikampigia Ndeshi, nikaweka spika, simu juu ya meza katikati ya sahani.

"Shikamooni jamani," alisema. Nyuma yake ilisikika sauti ya kizee kikiomba chai. "Kaka, mie nilitaka kwanza niwaeleze habari ya huyu mama mbunge wa hapa kwetu..."

"Subiri kidogo, Ndeshi. Twende kwa utaratibu."

Nikaenda kwa utaratibu. Nilianza na ukoloni. Nikaeleza chama tawala, ambacho ndicho cha yule mama, kilifanya nini enzi zile, na kingine kilifanya nini, nikashuka taratibu hadi kwenye jedwali langu. Nadhani nilitumia dakika ishirini. Nilipopumua, dada yangu akajaribu tena.

"Nimekuelewa kaka, ila huyu mama ndiye aliye..."

"Ndeshi, sikiliza. Sie hatuchagui mtu. Tunachagua sera."

Wakapiga makofi. Frenki aliiandika sentensi ile, na jioni akaiweka kwenye stetasi yake na picha ya bendera ya Uingereza. Nisikufiche, mwanangu, nilijisikia vizuri sana.

Manka alikuwa amekaa karibu na friji, bado amevaa sare ya kwaya. Akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mjomba, mama anasema yule mbunge..."

"Manka, wakubwa wanaongea."

"Mwacheni mtoto amalize," alisema mjomba Elia.

"Atamaliza, mjomba. Tukifika kwenye mengineyo."

Kwenye mengineyo hatukufika. Wajumbe walinyoosha mikono, chama cha yule mama kikaanguka kwa kura zote isipokuwa ya mjomba, aliyesema hajui Kiingereza cha kutosha kumpangia mtu maisha. Frenki akafunga kwa sala. Simu ilikuwa bado iko hewani. Ndeshi akasema, "Sawa kaka. Nimesikia." Basi. Kwa jinsi tulivyolelewa, mdogo akishasema nimesikia mbele ya kaka yake, mjadala umekwisha.

Siku ya uchaguzi aliniandikia maneno mawili: "Nimepiga mlivyosema." Nikamjibu hongera, na alama ya ngumi.

Chama chetu, naomba uniache nikiite chetu, kilishinda. Frenki akaleta mbuzi. Tulichoma nyama hapa uani mchana kutwa, watu wa Mbezi wakishangilia serikali ya watu wengine, na jirani mmoja akauliza kama tumepata msiba au harusi. Mama mbunge naye aliangushwa jimboni. Hakuanguka kwa kura moja, maana najua utaniuliza. Angeanguka hata kama dada yangu angempa yake. Kwa miezi mingi hilo nilijitetea nalo moyoni, hata kabla sijajua nina kesi gani.

Kesi yenyewe niliijua siku Manka alipotimiza kumi na minane. Nilimpigia Ndeshi kumpa hongera ya binti. Alikuwa analia, si kwa sauti, kama mtu aliyekwisha kulia tayari na sasa anafuta tu.

"Ombi la Manka limefungwa, kaka. Leo ni mtu mzima."

Ndipo akanieleza alichotaka kusema siku ile, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Yule mama mbunge ndiye aliyekuwa amelibeba suala la Manka. Dada yangu alikwenda kwenye ofisi yake ya jimbo siku ya kusikiliza wananchi, bila kumjua mtu, na yule mama akamkalisha, akampa chai na biskuti, akamtazama Manka kwenye picha akauliza anapenda somo gani. Kisha akaandika barua, na nyingine, na nyingine, mpaka wizara ikakubali kuliangalia upya ombi, ikingoja karatasi mbili ambazo ofisi yake ndiyo ilikuwa inazifuatilia.

Aliposhindwa, alipewa majuma machache ya kufunga ofisi. Mwanangu, mtu aliyeshindwa uchaguzi, anayepanga vitu vyake kwenye maboksi, alichukua simu yeye mwenyewe akampigia dada yangu. Akamwambia aje asaini ili faili lake likabidhiwe kwa mbunge mpya likiwa kamili, maana bila saini haliwezi kutoka pale. Akamwambia pia ataandika barua moja ya mwisho.

Ndeshi hakwenda.

"Kwa nini?" niliuliza. Nilipiga kelele, nadhani.

"Ningemtazamaje usoni, kaka? Nimekula biskuti zake, halafu nimemnyima kura. Nilifika mpaka mlangoni. Nikamwona kwa dirishani anafunga boksi na utepe. Nikarudi."

Nikamwambia kule kura haijulikani, yule mama asingeweza kujua.

"Mie nilikuwa najua," akasema.

Alikwenda kwa mbunge mpya peke yake, bila faili. Akaambiwa aanze mwanzo. Akaanza mwanzo, na miezi ikaisha.

Niliona nimpelekee mtu habari hii kabla haijanila, nikaenda Chang'ombe kwa mjomba Elia. Nilitegemea aniambie siyo kosa langu. Alikuwa anakaanga mayai, hakuzima jiko.

"Wewe uliulizwa swali moja," alisema. "Ampe nani. Mie hata darasa la tatu nisingempitisha mwanafunzi anayejibu kabla hajasikia swali lote."

"Mjomba, nilimshauri kwa nia njema."

"Ulihutubia. Usijitukuze kwamba ulishauri. Na mie nilikuwa pale, nikasema neno moja nikanyamaza kwa sababu chakula kilikuwa kizuri. Kaa ule mayai."

Manka hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Nilimwuliza kwa nini siku ile ya kamati hakusema kwa nguvu, akanijibu akikunja nguo zake, "Si ulisema wakubwa wanaongea, mjomba?" Juma lile akahamia Chang'ombe kwa mjomba Elia. Sasa ana miaka ishirini na moja, anasoma ualimu, anakuja hapa Krismasi, ananiamkia vizuri na anaondoka kabla ya chai. Mama yake amekuja mara moja kwa likizo. Niliwaona uwanja wa ndege wanavyokumbatiana: kila mmoja alikuwa anampiga mwenzake mgongoni taratibu, kama wageni wanaojaribu kukumbuka walikutana wapi.

Ndeshi hajanikatia simu. Ananisalimu shikamoo, ananiuliza presha yangu, anamsalimia wifi yake. Kitu kimoja tu kimekoma. Haniulizi. Alibadilisha kazi, nikasikia baadaye. Alihama nyumba, nikasikia kwa Frenki. Juzi habari za uchaguzi wa kule zimeanza kuvuma tena, na Frenki, asiyejifunza, ameshaandika kwenye kundi kwamba kamati irudi. Mimi nikampigia dada. Niliapa kwamba safari hii nitasikiliza tu, hata akiongea saa nzima.

"Ndeshi, mara hii unafikiria kumpa nani?"

Alicheka kidogo, kwa heshima.

"Kura ni siri, kaka."

Sasa sikia ninalotaka ubaki nalo. Siku moja mtu atakuuliza achague nini: chama, shule, mchumba, daktari. Utatamani kujibu haraka, hasa ukiwa umesoma. Mwulize kwanza ni nani aliyemfungulia mlango alipokuwa hana mtu, na anaogopa kupoteza nini. Kisha funga mdomo mpaka amalize, hata akisitasita, hata kama unaona anapotoka nje ya mada, maana mada anaijua yeye. Na siku wewe ndiye umezungukwa na wakubwa wanaokupangia, waamkie, wala usiwatukane, lakini karatasi ya kura ikishafika mkononi mwako, ni wewe na dhamiri yako mtakaorudi nyumbani pamoja. Sisi wengine tutakuwa tunachoma mbuzi.

Mungu akupe ndugu watakaokusikiliza mpaka nukta. Akupe ujasiri wa kugonga mlango hata pale unapoona haya. Na ukifika umri wangu, akujalie watu wawe bado wanakuuliza.