Kurasa Tupu Anazozishona Orrin Skaar

Sindano ya kufumia sweta inazama kwenye gundi nyeupe, inatoka imelowa nusu. Orrin Skaar anaishika juu kidogo, anasubiri tone la mwisho lidondoke, kisha anaipenyeza taratibu kati ya mgongo wa kitabu na jalada lake, huku akiizungusha kwa vidole viwili.

“Usiisukume,” anasema bila kuinua macho. “Izungushe tu. Ukisukuma, gundi inarukia kurasani, halafu mtoto wa watu anafika penye busu anakuta kurasa zimegandana.”

Ni saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Mei, katika chumba cha chini cha maktaba ya umma ya Tamarack Bend, mji mdogo wa Minnesota ulio kando ya mto. Mtambo wa kupasha joto jengo, uliokuwa ukinguruma tangu Oktoba, hatimaye umezimwa. Skaar anasema kimya hicho bado kinamshtua.

Mbele yake kuna rundo la riwaya za vijana. Moja inahusu wasichana wawili wa timu ya kuogelea ambao hawajui kama wanashindana au wanapendana. Nyingine ni ya mvulana anayempenda kijana wa jirani, na hajui amwambie nani kwanza: kijana mwenyewe, au baba yake. Vitabu vya rafu ya hadithi kama hizi ndivyo vinavyoteremshwa kwake mara nyingi kuliko vyote.

Skaar, mwenye umri wa miaka 64, ni fundi wa vitabu. Anafanya kazi siku nne kwa wiki kwa dola kumi na tisa kwa saa, pungufu ya alizokuwa akipata kwenye kiwanda cha viatu vya kazi, ambako alishona ngozi kwa miaka ishirini na saba hadi kilipofungwa. Ufundi huu wa sasa hakufundishwa na mtu. Aliusoma jioni baada ya jioni katika vitabu vya maktaba hii hii.

“Pesa zilikuwa nzuri zaidi kule,” anasema. “Lakini sijawahi kuona mtu amelia kwa sababu ya kiatu.” Anafikiri kidogo. “Labda kilichobana.”

Anaweka kando kitabu alichokipaka gundi, anakibana kati ya mbao mbili zenye skrubu, kisha anachukua vingine kimoja kimoja na kuonyesha vidonda vyake. Hiki kina mawimbi ya maji. Kilisomewa bafuni, kwa sababu katika nyumba nyingi mlango wa bafu ndio pekee wenye komeo. Hiki kilirudi kimevaa jalada la kitabu cha mapishi ya bata mzinga.

“Kiliingia nyumbani kwa watu kama mpishi,” anasema, na mabega yanamcheza kwa kicheko asichokitoa.

Kisha anakisimamisha kitabu kwa mgongo wake mezani na kukiachia. Kinafunguka chenyewe. Anafanya hivyo kwa cha pili, na cha tatu. Hadithi ni tofauti na waandishi ni tofauti, lakini vyote vinafunguka mahali pamoja: pale mhusika anapowaambia wazazi wake.

“Hapo ndipo vinapovunjika,” anasema. “Wanapasoma mara kumi, mara ishirini. Wanajifunza namna ya kusema. Nikiletewa kitabu kimevunjika hapo, mimi najivunia kama nimekiandika mimi.”

Alipokuwa na miaka kumi na sita, Skaar alizunguka rafu za jengo hili akitafuta kijana mmoja tu anayefanana naye. Alijikuta katika kitabu kimoja, kwenye rafu ya magonjwa, aya mbili. Alikirudisha, akatoka nje, na hakumwambia mtu yeyote kwa miaka ishirini na mitano.

Alimwambia mama yake jikoni, wakimenya viazi. Mama hakuacha kumenya. Alisema: “Basi Lyle aje Jumapili. Na aje na kiti, vya kwetu havitoshi.”

Lyle Brandvold, dereva wa gari la mji la kuzoa theluji, alikuja na kiti. Sheria ya jimbo iliporuhusu, walifunga ndoa. Kiti kile bado wanakikalia.

Hata hivyo, Skaar si mtu wa kuyasema mambo hayo. Majirani wanajua, naye anajua kwamba wanajua, na kwa miaka mingi hilo lilimtosha. Ilihitajika ajali ya kikazi kumtoa alipokuwa.

Ajali yenyewe ilitokea Februari. Ile riwaya ya mvulana na kijana wa jirani iliteremshwa kwake ikiwa imelegea kabisa. Hatua ya kwanza ya fundi ni kusafisha: kutoa vumbi, kubandua vipande vya utepe, kufuta penseli. Kitabu hicho kilikuwa na penseli nyingi pambizoni. Skaar alichukua kifutio chake laini akafuta mchana kutwa, mstari kwa mstari, akipeperusha vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu.

Hakusoma alichokuwa akifuta. Ni desturi yake. “Nikianza kusoma, kazi inalala,” anasema. “Kiwandani hatukuwa tunavaa viatu vya wateja.”

Alikipandisha juu kikiwa safi kuliko siku kilipotoka dukani. Anakiri kwamba alikigeuzageuza mkononi kwenye ngazi kwa kuridhika.

Siku chache baadaye msichana alisimama mbele ya meza ya Pahoua Vang, mkuu wa sehemu ya vijana, akiwa ameshika kitabu hicho.

“Hiki sicho,” alisema.

“Ndicho,” Vang alimjibu. “Tunacho kimoja tu. Fundi wetu amekitengeneza. Hakijapendeza?”

“Kimependeza. Watu wako wapi?”

“Watu gani?”

Msichana alifungua ukurasa ambao mvulana anamfuata baba yake bandani wakati wa kukamua ng’ombe. Akaweka kidole kwenye pambizo nyeupe. “Walikuwa hapa,” alisema.

Msichana huyo ni Maren Osterhaus, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Ameruhusu jina lake liandikwe hapa, la kwanza na la ukoo. Miezi mitatu iliyopita asingeruhusu.

Vang alimshusha hadi chumba cha chini. Skaar anakumbuka kwamba aliinuka akafuta mikono kwenye aproni, akidhani analetewa mtu wa kumshukuru.

Maren alimweleza. Watu wanne, kwa miandiko minne, walikuwa wakizungumza pembeni mwa ukurasa ule, na yeye hakumjua hata mmoja. Wa kwanza aliandika kwamba amemwambia mama yake, mama akalia, kisha akapika pankeki saa nne usiku. Wa pili aliandika kwamba kwao bado hawasemi naye. Wa tatu alimwandikia wa pili, “Kaza, niko hapa.” Wa nne alikuwa Maren mwenyewe. Aliandika: “Nitawaambia baada ya Pasaka. Kuna mtu?” Alikuwa amekuja kuona kama amejibiwa.

“Nilikaa chini,” anasema Skaar.

“Hakujitetea,” anakumbuka Maren. “Nilikuja na hasira zangu nimezipanga vizuri kabisa. Akasema tu, ‘Ni mimi. Nimewafuta.’ Sasa unamgombeza vipi mtu kama huyo?”

Nyumbani, Brandvold hakumhurumia. “Umefuta watu wanne mchana mmoja,” alimwambia wakila. “Hata mafua ya mwaka juzi hayakuwa na kasi hiyo.”

“Lyle.”

“Nasema tu. Ungekuwa unazoa theluji wewe, ungezoa na barabara.”

Kesho yake Skaar alizima taa ya chumba, akalaza tochi ukingoni mwa ukurasa ili mwanga uupite kwa upande. Penseli hukandamiza karatasi, na kifutio hakiondoi mkandamizo. Alikaa hapo hadi macho yakatoka machozi. Alipata “pankeki”. Alipata “kaza”. Sehemu nyingine alikuwa ameisugua vizuri mno.

Anaielezea kazi hiyo kwa utulivu, lakini anaposema “vizuri mno” anatazama ukutani.

Jambo alilofanya baadaye lilitoka kiwandani. Kiatu kikichanika mahali pasipoweza kurudi, hakirudishwi kilivyokuwa. Kinaongezwa ngozi mpya. Alichukua karatasi nene isiyo na tindikali, akaikunja, akaitoboa mahali patatu, akaishona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, kisha akaipachika mwishoni mwa riwaya, baada ya neno la mwisho la mwandishi. Zikawa kurasa nane tupu. Kwenye jalada la ndani akafunga kijipenseli kwa uzi.

Mkurugenzi wa maktaba hakufurahi mara moja. Aliuliza, wakiruhusu watoto kuandika humo, watawazuiaje kuandika kwingine.

“Nilimwambia tutawaambia ukweli,” anasema Vang. “Kule ni kwa mwandishi. Huku nyuma ni kwenu.” Anatabasamu. “Akaniangalia sana. Halafu akauliza kama penseli hizo zinanunuliwa au tunazo.”

Lakini kurasa tupu zinatisha, na Skaar aliliona hilo. Nani angekuwa wa kwanza? Wale watatu huenda walishahama mji. Na Maren alikuwa akihesabu majuma hadi Pasaka.

Kwa hiyo aliandika yeye. Ilimchukua siku mbili, na Brandvold anasema alifanya majaribio nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Maneno yenyewe ni haya:

“Nina miaka sitini na nne. Nilimwambia mama nikiwa na arobaini na mmoja. Mimi ndiye niliyefuta maneno yenu. Nisameheni, andikeni tena. Aliyeuliza kama kuna mtu: yupo. Orrin Skaar, chumba cha chini.”

“Amesaini jina zima kama hundi!” anasema Brandvold. “Miaka yote hii, mtu ambaye hataki nimshike mkono dukani. Nilipoona lile jina nilikwenda kukaa ndani ya gari kidogo. Sikulia. Kulikuwa na vumbi la ile chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani.” Tangu wakati huo amewasimulia wote wanaokunywa kahawa naye kituo cha mafuta, baadhi yao mara mbili.

Maren alikichukua kitabu wiki moja kabla ya Pasaka. Baada ya hapo Skaar hakusikia neno. Sikukuu ilipita. Alipomuuliza Vang, aliambiwa kwamba kitabu kilirudi kupitia tundu la kurudishia vitabu mlangoni, na kabla mtu hajakifungua kikachukuliwa na mwingine kwenye mashine ya kujiazimia. Ni nani, maktaba haisemi, hata kwa fundi wake.

“Wiki tano,” anasema. “Nikawa naota trei ya vitabu vinavyoteremshwa huku.”

Leo, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, viatu vya Vang vinasikika vikishuka ngazi kwa haraka isiyo ya kawaida.

“Orrin. Kimerudi.”

“Kimevunjika?”

“Mgongo umelegea. Ndio maana nimekileta.” Anakiweka mezani, lakini haondoki. “Sijafungua. Naapa. Nimekunja mikono njia nzima.”

Skaar anakitazama. Anavua aproni kwanza, anaitundika, anarudi kukaa. Kusoma si kazi, hivyo hatasoma akiwa amevaa nguo za kazi. Anafungua nyuma.

Chini ya mwandiko wake kuna mwandiko wa Maren, wa herufi zilizosimama wima. Anausoma kimya. Kisha anausoma kwa sauti:

“Nimewaambia. Baba alizima trekta kwanza.”

Vang anaweka mkono mdomoni. Skaar amekulia kati ya wakulima. Anajua msimu wa kupanda baba wa namna hiyo huzima trekta kwa sababu zipi, na kwamba ni chache.

“Alizima,” anasema. “Umesikia? Alizima.”

“Nimesikia.”

“Mwezi wa Aprili!”

Mistari haijaisha. Chini yake kuna mwandiko mwingine, mpya, wa mtu asiyejulikana. Skaar anaukinga kwa kiganja ili mwandiko usionekane na mgeni aliyekuja kuandika habari hizi, kisha anasoma yaliyomo bila kuuonyesha: “Wa kwangu hana trekta, ana redio. Nisubirini.”

Baada ya hapo anacheka, kicheko kamili safari hii, hadi anavua miwani.

Kwa simu jioni, Maren anasema baba yake hakuzungumza sana. Aliuliza kama ana njaa. Siku ya pili aliuliza kama yule rafiki yake wa kwaya ndiye, akaambiwa ndiye, akasema anaimba vizuri. “Kwa baba,” anasema Maren, “hiyo ni hotuba.”

Skaar ana mpango. Riwaya za rafu ile ni arobaini na moja, na anataka shule zitakapofunguliwa Septemba kila moja iwe na kurasa zake za nyuma. Sita ziko tayari. Vang anatafuta fedha za karatasi. Maktaba mbili za miji jirani zimepiga simu kuuliza zinavyoshonwa, na Skaar amewaambia waje na mtu mwenye subira, watakaa naye siku nzima.

“Nilipokuwa mtoto nilikuwa aya mbili,” anasema. “Sasa ninashona nafasi. Wajaze wao.”

Mchana uliobaki anakata karatasi za riwaya ya wasichana wa timu ya kuogelea, anazikunja, anaziweka chini ya tofali lililofungwa kitambaa. Inapofika saa kumi na moja, honi inalia nje.

“Lyle huyo,” anasema. “Hajui kubisha hodi, miaka yote amekaa na gari lenye king’ora.” Anagusa karatasi kwa ncha ya kidole. Bado zinainuka pembeni. Hazijakubali mkunjo, na zikitobolewa sasa mshono utakwenda upande.

Anaziacha hapo zilale, anachukua koti lake.